Mti Mmoja Uliojenga Vijiji vya Chios

Meli ya usiku kutoka Piraeus huingia bandari ya Chios alfajiri, mikahawa ya ufukoni ndiyo kwanza inapanga viti. Ng'ambo ya mlango wa bahari taa za pwani ya Uturuki zilikuwa bado zinawaka; mahali pembamba zaidi, nchi hizo mbili zimeachana kwa kilomita saba hivi. Walioshuka nami gatini walikuwa wanajeshi vijana, wanafunzi wa chuo kikuu, madereva wa malori na akina mama wenye maboksi yaliyofungwa kamba. Watalii walihesabika. Chios ni kisiwa cha tano kwa ukubwa nchini Ugiriki, kina kilomita za mraba 842, lakini sicho kile cha kwenye kalenda za ukutani. Hapa hakuna safu za nyumba nyeupe zenye kuba za buluu juu ya jabali. Vijiji vyake mashuhuri viko kusini, ndani kidogo, vimeipa bahari mgongo, na rangi yao ni ya mawe na majivu.

Hivyo ndivyo nilivyovifuata. Wenyewe huviita Mastichochoria, vijiji vya mastiha, navyo ni 24. Mastiha ni utomvu wa mti mfupi wa jamii ya pistachio. Ukiutafuna, mwanzo una uchungu kidogo na unavunjikavunjika kama changarawe. Baada ya muda unalainika, unakuwa mweupe, na mdomo mzima unanukia msonobari. Mti huo huota sehemu nyingi kandokando ya Mediterania, lakini kwa karne nyingi utomvu wa kuvunwa na kuuzwa umetoka kusini mwa kisiwa hiki. Watu wamejaribu kuulima kwingine, hata pale ng'ambo kwenye rasi ya Çeşme, na bado soko limebaki la Chios.

Mimi nimekulia Pemba, kisiwa ambacho mambo mengi, kuanzia mahari hadi paa la bati, yaliwahi kusubiri msimu wa karafuu. Ndiyo maana nilitaka kuona kisiwa kingine kilichojengwa na zao moja lenye harufu, nijue limewafanyia nini wenyeji wake.

Mabasi ya vijijini ni ya kijani na huondoka karibu na bustani ya mji. Kwanza unapita Kampos, bonde la michungwa na mindimu ambako matajiri wa zamani walijenga kuta ndefu za mawe mekundu kuzunguka mashamba yao. Kutoka dirishani unaona kuta tu na vilele vya miti. Kisha barabara inapanda, ardhi inakauka, na miti ya mastiha inaanza kuonekana: mita mbili au tatu kwenda juu, shina limejinyonga, matawi yametanda kwa upana. Chini ya kila mti palikuwa na duara jeupe, kana kwamba mtu amemwaga unga. Ilikuwa Septemba, msimu wa mavuno, na maana ya duara hilo niliijua siku iliyofuata.

Baada ya kilomita 25 hivi tukafika Pyrgi, kijiji kikubwa kuliko vyote vya mastiha. Msafiri yeyote anayeshuka hapo husimama kwanza. Nyumba zimechorwa kuanzia chini hadi darini: mistari ya pembetatu, miraba, nusu duara, nyota, majani, yote kwa rangi mbili, nyeupe na kijivu. Hata upande wa chini wa roshani, ambao huuoni mpaka uinue shingo, una michoro yake. Sanaa hiyo huitwa xysta. Karibu na uwanja nilimkuta fundi juu ya jukwaa akikarabati ukuta, nikamwomba ruhusa ya kutazama. Plasta ya chini huchanganywa na mchanga mweusi, ambao kwa jadi ulitoka ufuko wa Emporios, penye mlima wa moto uliozimika zamani. Ikianza kushika, hupakwa chokaa nyeupe juu yake. Hapo fundi anapima kwa rula na bikari, anachora mistari, kisha anakwangua chokaa kwa uma ili weusi wa chini uchungulie. Kazi lazima iishe plasta ikiwa bado mbichi. Ikikauka, uma haung'ati tena, na fundi hana la kufanya ila kubomoa na kuanza upya.

Kwenye roshani hizo zilizochorwa kulikuwa na mashada ya nyanya ndogo yaliyotungwa kwa uzi na kuning'inizwa kama mapazia mekundu. Nilidhani ni mapambo. Mama mmoja aliyeketi kizingitini akaniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba ni akiba ya majira ya baridi: nyanya hizo hupandwa kwenye ardhi kavu, hazinyweshwi, ndiyo maana hazioziozi. Kisha akakata moja na kuniwekea kwenye kipande cha mkate mkavu na mafuta ya zeituni, bila kuniuliza kama nina njaa.

Ndani ya kichochoro kimoja pana kanisa dogo la matofali la Mitume Watakatifu, la zama za dola ya Bizanti, ambalo kuta zake za ndani zilichorwa mwaka 1665 na Antonios Kynigos, mchoraji kutoka Krete. Hatua chache kutoka hapo utaonyeshwa nyumba inayosemwa kuwa Christopher Columbus alilala humo. Hadithi ya nyumba ichukue kama hadithi. Lililo kweli ni kwamba Columbus aliijua mastiha ya Chios: katika barua yake ya 1493 baada ya kuvuka Atlantiki aliitaja, na akadai kwamba huko alikofika angeweza kuipata nyingine. Alikuwa mtu wa Genoa, na wakati ule waliokishika kisiwa hiki walikuwa wafanyabiashara wa Genoa.

Hao Wagenoa ndio ufunguo wa kuvielewa vijiji hivi. Walikiteka kisiwa mwaka 1346 na kukaa hadi 1566, wakikiendesha kupitia kampuni ya wafanyabiashara iliyoitwa Maona, ambayo ilishika biashara yote ya mastiha. Mkulima hakuruhusiwa kumuuzia mtu mwingine. Adhabu za aliyekamatwa na utomvu wa magendo zilianzia kukatwa viungo vya mwili na kuishia kunyongwa. Sisi tuliokulia Pemba tunajua habari za magendo ya karafuu na mitumbwi ya usiku, lakini hakuna aliyekatwa pua kwa ajili ya pishi moja. Utomvu wenye thamani kiasi hicho ulivuta pia maharamia, na mkulima akiuawa au kuchukuliwa mtumwa, hakuna wa kuuvuna mti. Kwa hiyo wakulima walikusanywa na kuwekwa ndani ya ngome. Ngome hizo ndizo vijiji vyenyewe.

Mfano uliosalimika vizuri zaidi ni Mesta, kilomita 10 hivi mbele ya Pyrgi. Ukikiangalia kwa nje unaona ukuta mmoja mrefu wa mawe. Ukikaribia unagundua kwamba ukuta huo ni migongo ya nyumba. Nyumba za pembeni zimeshikana bega kwa bega, upande wa nje hauna milango, na madirisha yaliyopo leo mengi yametobolewa baadaye. Kulikuwa na milango michache tu ya kuingilia, nayo ilifungwa jua likizama. Ndani, vichochoro vimepinda makusudi ili adui apotee, na vingine vinaishia ukutani. Juu ya vichochoro kuna matao yanayounga nyumba na nyumba. Yanazisaidia kuta zisiachane ardhi inapotikisika, na tena ni madaraja. Mapaa yote ni bapa na yako kimo kimoja. Adui akiingia, watu walipanda darini na kukimbia kutoka paa hadi paa mpaka kwenye mnara wa katikati, ambao haukuwa na mlango chini, wakavuta ngazi juu.

Mnara wa Mesta haupo tena. Mahali pake pamejengwa kanisa kubwa la Malaika Mkuu, lililokamilika 1868, ambalo ukubwa wake unamshangaza mtu anayetoka kwenye vichochoro ambamo watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Mbele ya kanisa pana uwanja wenye mikahawa michache, viti vya mbao na paka wasiohesabika.

Nililala kwa mama mmoja mjane ambaye amegeuza vyumba viwili vya nyumba yake kuwa vya wageni. Chini, palipokuwa zizi la punda na ghala, sasa pana jiko na meza. Ngazi ya mawe inapanda hadi kiwanja kidogo cha wazi katikati ya ghorofa, na vyumba vyote hufungua milango yao hapo, kwa sababu mwanga na hewa haviwezi kutoka nje ya ukuta. Chumba changu kilikuwa na dari ya tao, kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu, na ubaridi uliodumu hata saa nane mchana. Mtu anayejenga leo kwa matofali ya saruji na kisha kununua kiyoyozi angejifunza kitu humo.

"Kesho tunakwenda kwenye miti," mama yule aliniambia jioni, mtoto wake wa kiume akitafsiri. "Ukitaka kuja, mwanangu, lala mapema. Jua likishapanda, mastiha inanata mikononi."

Tuliondoka giza likiwa bado. Mtoto wake, mwanamume wa makamo anayefanya kazi ya ofisi mjini, alichukua likizo kwa ajili ya msimu. Njiani alinieleza kalenda ya mti. Majira ya baridi ni ya kupogoa. Kuanzia Juni hung'olewa majani chini ya mti, ardhi ikafagiliwa na kusawazishwa, kisha ikamwagiwa udongo mweupe uliopepetwa, wa asili ya chokaa. Hilo ndilo duara nililoliona kutoka kwenye basi: tone likianguka juu yake halichafuki, na hukauka upesi. Julai na Agosti ni miezi ya kutoboa. Mkulima anachukua chuma kidogo chenye ncha na kutia mikato mifupi kwenye ganda la shina na matawi makubwa, michache kwa wakati mmoja, akirudia kila wiki ili mti usichoke. Wenyewe wanasema wanautarizi mti. Utomvu hutoka kama machozi, hudondoka, na huhitaji siku 15 hadi 20 ili ugande. Kisha huja kuokota, ambako huanza katikati ya Agosti, na baadaye kutoboa na kuokota kwa mara ya pili mpaka Oktoba inapoingia.

Kuokota si kazi ya kutazamwa kwa mbali. Mama yule, mwenye umri wa bibi yangu, alipiga magoti chini ya mti na kuingia ndani kabisa ya matawi, kichwa kikigusa majani. Matone makubwa aliyaokota kwa vidole, yaliyoganda kwenye shina aliyakwangua kwa chuma kingine chenye ncha bapa, na vumbi lililobaki chini alilifagia na kulitia kwenye chombo chake. Nilipewa mti wangu. Harufu ilikuwa nzuri, mgongo ulikuwa wa moto, na nilichopata hakikujaza kiganja. Mti mmoja kwa wastani hutoa gramu 150 hadi 180 kwa mwaka, na huanza kutoa ukiwa na umri wa miaka mitano au sita. Ukitunzwa unaweza kupita miaka mia. Kila baada ya muda mtoto wa mama yule alitazama mawingu upande wa magharibi: mvua ya ghafla wakati huu huyaharibu matone, na kazi ya wiki nzima hupotea.

Wakristo wa hapa wana maelezo yao ya kwa nini mti unalia. Wanasema Mtakatifu Isidori, askari aliyeuawa Chios mwaka 251 kwa kuikataa miungu ya Roma, alipoburutwa kusini mwa kisiwa miti ilimlilia, na tangu siku hiyo haijanyamaza. Mama yule aliisimulia habari hiyo huku akiokota, kama mtu anayesimulia jambo la jirani.

Mchana, mezani, niliona nusu ya pili ya kazi, ambayo wageni wengi hawaioni. Utomvu uliookotwa umechanganyika na majani, udongo na vijiti. Huchekechwa, ukaoshwa kwa maji baridi na sabuni, ukaanikwa, na hapo wanawake hukaa na visu vidogo wakikwangua uchafu kwenye kila punje, moja baada ya moja. Kazi hiyo hujaza majira yote ya baridi. Jirani humsaidia jirani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na ndipo habari zote za kijiji zinapopita. Nilikumbuka akina mama wa kwetu kwenye majamvi wakichambua karafuu, mikono ikienda kwa haraka ambayo macho hayaifuati, na mazungumzo yasiyokatika. Mwaka 2014 Unesco iliuingiza ujuzi huu wa kulima mastiha kwenye orodha yake ya urithi usioshikika. Mama yule alikuwa amesikia. Aliniuliza kama hao wa Unesco wanajua pia maumivu ya magoti.

Lakini kwa nini bado anafanya? Nilimwuliza mtoto wake, naye akanijibu bila kufikiri sana: kwa sababu inalipa. Zamani bei iliamuliwa na walanguzi. Mwaka 1938 ulianzishwa ushirika wa wakulima wa mastiha, na sheria ikaupa peke yake haki ya kukusanya na kuuza utomvu ghafi. Vyama vya vijiji vinapeleka kwenye ushirika, ushirika unapanga madaraja, unatafuta wanunuzi, unatengeneza bidhaa zake. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya uliipa mastiha ya Chios ulinzi wa jina, kwa hiyo hakuna wa nje anayeruhusiwa kuuza Ulaya utomvu wa kwingine kwa jina hilo. Mwaka 2015 shirika la dawa la Ulaya liliitambua kuwa dawa ya jadi kwa tumbo lisilosaga chakula vizuri na kwa vidonda vidogo vya ngozi. Nchi za Kiarabu ni wateja wa siku nyingi. Huko huungia maziwa, aiskrimu na hata maji ya kunywa. Wakati uchumi wa Ugiriki ulipoanguka kuanzia 2010, vijana kadhaa waliokosa kazi Athens walirudi kwenye miti ya babu zao. Aina ileile ya mnunuzi mmoja ambayo chini ya Wagenoa ilikuwa minyororo, mikononi mwa wakulima wenyewe imekuwa ngao. Tofauti ni nani anashika mizani.

Utomvu huo umewahi kuwaokoa watu kwa namna nyingine pia, ingawa si kwa muda mrefu. Mwaka 1822, katika vita vya Wagiriki kudai uhuru, majeshi ya Sultani yalishuka Chios na kuua au kuwauza utumwani watu kwa makumi ya elfu. Mchoraji Delacroix aliwaonyesha Wafaransa maafa hayo katika picha kubwa ya 1824. Vijiji vya mastiha viliachwa mwanzoni, maana utomvu wao ulihitajika Istanbul, kwenye jumba la Sultani. Mwezi Juni nahodha Mgiriki, Kanaris, alipoichoma moto meli kuu ya Waturuki bandarini, kisasi kikawafikia hata wao. Kisiwa kilijiunga na Ugiriki miaka 90 baadaye, mwaka 1912.

Habari ambayo sikuitarajia niliipata jioni, kwenye mkahawa wa uwanjani. Mwenye mkahawa alinitilia souma, pombe kali ya tini. Nilipokataa kwa kuweka mkono kifuani hakuuliza sababu, alirudi na bilauri ya maji baridi ambamo alikuwa amezamisha kijiko cha uji mzito mweupe wa sukari na mastiha. Unalamba kijiko, unakunywa maji. Mzee wa meza ya jirani alitaka kujua natoka wapi. Nilipotaja Tanzania aliweka tasbihi yake ya mkononi mezani na kusema shangazi yake aliishi Afrika wakati wa vita, Kongo.

Si porojo. Wajerumani walipokishika kisiwa mwaka 1941 njaa kali iliwaangukia watu, na maelfu wakavuka usiku kwa mashua hadi Uturuki. Waingereza waliwachukua wakimbizi hao na kuwapeleka Syria, Palestina na Cyprus, na wengine wakasafirishwa mbali zaidi, hadi Kongo ya Wabelgiji na hata Tanganyika, ambako Wagiriki kadhaa waliwekwa Oldeani, juu kule upande wa Ngorongoro. Walirudi kwao vita vilipokwisha. Mzee yule alikuwa hajazaliwa. Alichokijua ni simulizi za shangazi: mvua isiyo na adabu, ndizi za kupika, na wanawake waliomfundisha kubeba mzigo kichwani. "Mlimlisha," aliniambia, kama kwamba mimi ndiye niliyepakua chakula. Kisha akamwita mwenye mkahawa na kulipia bilauri yangu. Mlango huohuo wa bahari umevukwa tena na wakimbizi katika miaka yetu, kwa upande wa pili, hasa mwaka 2015. Tulilizungumza hilo, na watu wa meza ile hawakukubaliana.

Kabla ya kuondoka kisiwani nilikwenda kaskazini zaidi, Anavatos, ili nilinganishe. Hapana kijiji cha picha nzuri kama kile. Nyumba za mawe zimepanda ncha ya mlima mpaka ukingo wa jabali, rangi yake ni ya mlima wenyewe, na ukiwa mbali hujui mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Mwaka 1822 wenyeji walizingirwa huko juu, na inasimuliwa kwamba wengi walijirusha bondeni kuliko kutekwa. Tetemeko la 1881, ambalo liliharibu sehemu kubwa ya kisiwa, likamalizia. Leo karibu pote pamebaki magofu. Serikali imekarabati baadhi ya kuta, kuna vibao vya maelezo, njia imesafishwa. Nilizunguka nikapiga picha nyingi kuliko nilizopiga Mesta, na sikupata mtu wa kumsalimia.

Tofauti kati ya Anavatos na Mesta haiko kwenye mawe. Mafundi walikuwa wa kisiwa kimoja na maafa yaliwakuta wote. Mesta ina kitu cha kufanya asubuhi. Mtu anaamka, anakwenda kwenye mti, anarudi na kitu kinachouzwa, na kwa kuwa mti hauhami, naye hahami. Ukuta unakarabatiwa kwa sababu kuna anayelala nyuma yake. Watalii wanaongeza kipato, hilo sikatai. Mama mwenye nyumba yangu aliweka paa jipya kwa fedha za wageni. Ila wageni huondoka Oktoba, na kijiji kinachotegemea wageni pekee hufunga milango pamoja nao.

Sitaki kuipaka Mesta sukari. Vyumba vingi vya Mesta vimenunuliwa na watu wa nje wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Wanaopiga magoti chini ya miti wengi ni wazee. Agosti 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mashamba ya kusini, na mti unaohitaji miaka mitano au sita kabla ya tone la kwanza haurudishwi kirahisi. Makumbusho ya mastiha yaliyofunguliwa 2016 kwenye kilima karibu na Pyrgi ni mazuri na yanafaa kutembelewa, lakini makumbusho ni dalili pia kwamba kuna wanaoanza kuhofia kusahau.

Msomaji anayetaka kwenda ajipange hivi. Aombe viza ya Schengen mapema, maana pasipoti zetu zinaihitaji. Achague Agosti mwishoni au Septemba, wakati wa kuokota. Au aende majira ya baridi, wakati wa kusafisha, ambapo atakuwa mgeni peke yake na atapewa kisu na punje azikwangue. Alale kijijini, si mjini. Kwenye vichochoro asalimu kwanza, kalimera asubuhi na kalispera jioni, ndipo aombe kupiga picha. Watu wa Mesta, kama wa kwetu, humpima mtu kwa salamu yake. Na akinunua mastiha, anunue iliyotoka kwenye ushirika wa wakulima, kwa sababu fedha hiyo ndiyo inayoshikilia matao.

Kwa wale wanaoketi vikao kujadili jinsi ya kuokoa miji yetu ya kale, Lamu, Pangani, Bagamoyo, Mji Mkongwe, ningeomba jambo moja. Kabla ya kuhesabu milango ya nakshi inayohitaji kukarabatiwa, wahesabu kwanza ni wakazi wangapi wa humo wana kazi ambayo haitegemei mgeni. Chokaa na boriti zije baada ya hapo.